Injinia wa Bwawa la Kijani

Machi 3

Mimi ndiye mtu pekee hapa kijijini ambaye nikikohoa, choo cha kila nyumba kinaitikia. Mwenyekiti anatawala yanayotoka midomoni mwa watu. Mimi natawala yanayotoka kwingine, na mwenye akili anajua ni yapi kati ya hayo yasiyoweza kuahirishwa. Nikiamua leo kuziba bomba kuu, kesho asubuhi wakubwa wote na suti zao watakimbilia vichakani kama sungura. Siwafanyii hivyo kwa sababu nina huruma. Huo ndio ukubwa.

Shangazi, dada yake baba, ndiye msimamizi wa mabwawa ya majitaka. Mimi ni msaidizi wake. Yeye anasema "kibarua", lakini ni wivu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, maana mimi na hesabu tuligombana na hakuna aliyekuja kutusuluhisha. Leo Shangazi amenipa daftari hili, akaniambia mvua zinakaribia, kwa hiyo kila nipatapo nafasi niandike mambo matatu: rangi ya bwawa la pili, harufu, na mvua. Msimu ukiisha atalisoma.

"Na usiandike hadithi," akasema.

Rangi: kijani. Harufu: ya wastani, kama kwapa la mtu mwema. Mvua: bado.

Machi 5

Kijani. Hakuna mvua. Nimefyeka nyasi za tuta lote peke yangu. Shangazi naye alifyeka upande wake, lakini ule ulikuwa upande mwepesi.

Machi 8

Kwa faida ya vizazi vijavyo, nieleze himaya yangu. Maji machafu ya nyumba zote, ya shule, ya zahanati na ya banda la Dobi yanashuka kwa bomba moja mpaka kwenye wavu wa chuma. Hapo nasimama mimi na reki, natoa visivyooza: vijiko, soksi, wanasesere wasio na kichwa. Kisha maji yanaingia bwawa la kwanza. Nimelipa jina Mlafi, kwa sababu linakula chochote na halishukuru. Tope linazama humo. La pili ni Mama Kijani, pana, la kina kifupi, linaota jua kutwa nzima. La mwisho ni Binti, lenye matete pembezoni, ndilo tunalowaonyesha wageni. Kutoka kwa Binti maji yanateremka kwa mfereji kwenda bondeni.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini tusichote ule ukijani wote, Mama Kijani ang'ae kama kioo. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi.

"Ule ukijani ndio wafanyakazi wangu," akasema. "Ni vijimea vidogo mno. Jua likivipiga vinatoa hewa, na vijidudu vingine vinavuta hewa hiyo vikila uchafu. Wewe ukilala, vyenyewe vinakula. Nikivitoa, nibaki na nani? Nibaki na wewe?"

Akaendelea na habari za sabuni, na dawa, na sijui nini, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Machi 12

Kijani. Watoto wa shule wamenipa jina Chura, eti kwa sababu nashinda bwawani na nina domo pana. Nimewaambia jina langu la kazi ni Injinia. Wakasema sawa, Injinia Chura. Sasa limeenea. Hata Bibi, mama yake baba, jioni ameniita, "Mume wangu Chura, mbona hujala?"

Mtu pekee anayeniita Injinia bila kucheka ni Dobi. Ni mzee mwenye kipara anayefua mashuka ya zahanati na nguo za kila anayejipenda, na banda lake ndilo lililo karibu zaidi na mabwawa. "Habari za kazi, Injinia?" Kila asubuhi. Nadhani macho yake yamechoka, au kuna kitu anakitaka.

Machi 19

Mvua ya kwanza. Mama Kijani alitoboka matundu matundu kama uso wa mwenye tetekuwanga. Vyura wameanza kuimba. Simaanishi mimi.

Machi 21

Nimeopoa meno ya bandia kwenye wavu. Nimeyachemsha, nikayafunga kwenye karatasi, nikayapeleka kwa Mwenyekiti, yule mwenye mashine ya kusaga, maana tangu juzi alikuwa anaongea kama mtu aliyejaza ugoro mdomoni. Aliyapokea akayatia mfukoni. Nilimwambia, "Mzee, mimi ni kaburi." Nikawaambia watu watatu tu.

Machi 27

Leo mkutano chini ya bati la mashine ya kusaga. Kina mama wanataka kulima vitunguu na mchicha kule bondeni, wamwagilie kwa maji yanayotoka kwa Binti. Bwana Afya wa wilaya amesema atakuja mvua zikiisha, ayapime. Yakifaa, bonde ni lao. Yasipofaa, hakuna kulima.

Shangazi akawaonyesha jinsi tunavyopima wenyewe. Anajaza maji kwenye chupa ya kioo iliyonyooka, anaisimamisha juu ya kipande cha gazeti, kisha anachungulia kwa juu. Ukiweza kusoma maandishi, maji ni mazuri. Mwenyekiti akachungulia, akasoma tangazo la kuuza baiskeli, watu wakapiga makofi kana kwamba ameiuza yeye.

Kisha akasimama, akashika mkanda wa suruali. "Bwawa hili ni la wote. Basi tusikilizane. Mtu yeyote atakayeliharibu, bomba lake linazibwa. Awe mkubwa, awe mdogo."

Wote wakasema ndiyo. Dobi naye alinyoosha mkono. Nilimwona, alikuwa mbele.

Aprili 2

Kijani, mvua ya manyunyu. Nimepita bandani kwa Dobi nikakuta kioja. Mashuka ya zahanati anayang'arisha kwa dawa ya madoa, ile inayochoma pua. Lakini maji yake hayamwagi. Anayatia kwenye pipa wazi, anayaacha juani mpaka makali yaishe, ndipo anayafungulia bombani. Ni sheria aliyopewa na Shangazi, na yeye anaifuata kama dini. Anainama, anatia pua pipani, anasubiri, anainuka.

"Njoo unuse, Injinia. Bado, au tayari?"

Nikamwambia, "Mzee, pua yako ina umri mkubwa kuliko yangu, iamini." Akacheka. Halafu akanivua shati langu la kazi, nusu kwa nguvu, akalipiga pasi mpaka kola ikasimama. "Injinia havai gunia," akasema. Nimerudi bwawani kola imesimama, reki begani. Shangazi akauliza ninakwenda kuoa nani.

Aprili 6

Kijani kibichi. Mvua usiku. Hakuna harufu. Hakuna habari. Mimi mzima.

Aprili 9

Shangazi amesafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Kabla ya kupanda gari akaniambia, "Toa taka kwenye wavu, andika rangi, basi. Usibuni kitu." Kumwambia mtu wa kipaji changu asibuni kitu ni kama kumwambia jogoo asiwike.

Nilikaa tutani nikawaza. Bwana Afya akija, maji yakimpendeza, sifa ni za Shangazi. Lakini je, kama maji yangetufikia yakiwa yameshaoga huko huko majumbani? Mabwawa yangepumzika, Binti angeng'aa, na sifa zingekuwa za nani?

Basi nimepita nyumba kwa nyumba. Ningewaambia tu wasafishe mabomba wangesema Chura analilia mvua. Kwa hiyo nimetumia akili. Kila mama nimemvuta kando ya mlango, nikashusha sauti kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mama, nakwambia wewe peke yako kwa sababu nakuheshimu. Kati ya mabomba yote ya kijiji hiki, la kwako ndilo linalonuka. Bwana Afya akija atafuata pua yake mpaka hapa mlangoni. Mwaga dawa ya madoa chupa nzima, mwaga kila siku mpaka nikwambie. Usimwambie mtu, na mimi sisemi."

Nyumba zote. Mke wa mwalimu mkuu alishika kifua. Mama Mapacha alisema, "Nilijua tu, ni hawa watoto." Mwenyekiti mwenyewe, baada ya yale meno, aliniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Hata Bibi nilimwambia, uso mkavu kabisa. Nilipofika nyumba ya mwisho mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kuzuia kicheko. Kijiji kizima, kila mmoja anajiona yeye ndiye uvundo.

Dobi peke yake sikumwambia. Bomba lake kweli halinuki, na angeniuliza maswali.

Aprili 11

Kijani. Mvua kubwa. Mwenye duka anasema dawa ya madoa imemwishia, amelazimika kuagiza nyingine, na hajawahi kuona jambo kama hili. Kila mwanamke amekuja peke yake, chupa ameificha kikapuni chini ya nyanya, na kila mmoja amesema ni kwa ajili ya soksi za mume. "Hivi waume wa kijiji hiki wanatembelea wapi?" ameniuliza. Nikasema hata mimi nashangaa.

Aprili 13

Kwenye wavu kunanukia kama zahanati. Macho yanawasha. Nimejisikia fahari. Mvua kutwa, jua hakuna.

Aprili 15

Kijani, lakini kijani cha mtu anayetaka kutapika.

Aprili 16

Kijivu.

Aprili 17

Leo naandika sana kwa sababu usingizi umekataa.

Shangazi alirudi asubuhi. Hakuingia hata ndani kuweka mzigo. Harufu ilimkuta barabarani, ya yai lililosahaulika. Mama Kijani alikuwa wa rangi ya maji ya kuoshea masufuria, na juu yake povu la kahawia limejikusanya pembeni. Hata vyura hawakulia. Shangazi alipiga magoti kwenye tuta na nguo zake za safari, akachota maji kiganjani, akayanusa, kisha akaenda kunusa kwenye wavu.

"Dawa ya madoa," akasema. Hakupandisha sauti. "Mtu amewaua wafanyakazi wangu wote."

Wakati ule ule nikakumbuka siku ile ya Machi aliponieleza habari za sabuni na dawa, nami nikawa nimeshaelewa.

Nilitaka kusema kitu. Nakumbuka kabisa nilifungua mdomo. Lakini watu walikuwa wameshaanza kufika, wameziba pua kwa mikono na pindo za nguo, na Mwenyekiti mbele yao. Shangazi akawaeleza kwamba ni dawa, na kwamba kuanzia leo yeyote asimwage hata tone. Kina mama wakatazama chini. Kila mmoja wao. Mimi ndiye niliyewaona wote kwa mpigo, na ningekuwa na afya nzuri siku hiyo ningecheka.

"Dawa ya madoa hapa kijijini anatumia nani?" Mwenyekiti akauliza, akijua watu watageuka wapi. Wakageuka.

Dobi alikuwa amesimama nyuma na baiskeli yake. Hakubisha. Hicho ndicho kilichonishangaza, mtu kutobisha. Alisema, "Ni kweli pipa langu lilifurika. Mvua hizi hazikukatika, jua halikutoka, makali hayakuisha, na maji ya mvua yakalijaza likamwagika bombani. Nililiona asubuhi. Sikujua kama yangetosha kuua bwawa."

"Yametosha," Mwenyekiti akasema.

Mke wa mwalimu mkuu akasema maskini, lakini sheria ni sheria. Mama Mapacha akasema hata yeye siku nyingi amekuwa akiona povu upande ule. Mwenye duka alinitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. Shangazi akasema pipa moja ni dogo kwa madhara haya, anaona ajabu. Mwenyekiti akamwambia, "Dada, mtu amekiri mwenyewe. Unataka nini tena?"

Wakaamua bomba lake lizibwe mpaka Bwana Afya aje. Na mwenye kazi ya mabomba hapa ni nani? Basi nililiziba mimi, kwa gunia na udongo wa mfinyanzi, nikashindilia kwa mpini wa reki. Dobi alinishikia ndoo ya udongo. Nilishindilia tena pale palipokuwa pameshashindiliwa. Nadhani ni homa.

Aprili 18

Kijivu. Kunanuka. Sina la kuandika.

Aprili 20

Shangazi ana mpango. Moto wako ukizimika, unaomba kaa kwa jirani. Binti bado ana ukijani kidogo kule kwenye matete, dawa haikumfikia sana. Basi tunachota kwa Binti tunapeleka kwa Mama Kijani, ndoo baada ya ndoo, na tope zuri kidogo kutoka chini ya Mlafi. Tukiwa na bahati na jua, wafanyakazi watazaliana upya. Nilimwambia mimi peke yangu nitabeba zote, yeye apumzike. Aligusa paji la uso wangu.

"Unaumwa?"

"Siumwi, Shangazi."

"Basi umefanya nini?"

Nikabeba ndoo haraka.

Aprili 22

Kijivu. Mabega yangu yamekufa kabla yangu.

Dobi sasa anafua mtoni, kule ng'ambo ya kilima, anapakia mashuka ya zahanati kwenye baiskeli yakiwa yamelowa, mazito kama maiti. Leo alianguka nayo kwenye utelezi, akayafua upya. Zahanati wamemwambia hawawezi kusubiri mashuka namna hii. Bomba lisipofunguliwa Bwana Afya akishaondoka, watatafuta dobi mwingine. Amenieleza hayo akiwa anakamua shuka, kama anaongelea hali ya hewa.

Aprili 24

Kijivu. Dobi amekuja bwawani na ndoo yake mwenyewe, akatusaidia kubeba mpaka jioni. Tulizungumza kidogo. Si muhimu.

Aprili 27

Jua. Kijivu, lakini nikikaza macho naona kama kijani kwenye kona ya mashariki. Shangazi anasema ni macho yangu. Mvua haikunyesha.

Aprili 28

Si macho yangu.

Mei 2

Kijani chembamba, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Harufu imepungua. Vyura wawili wamelia usiku, wakasikilizana, wakaendelea. Shangazi ameimba akifyeka. Ana sauti mbaya sana, na nimefurahi kuisikia.

Mei 5

Kijani. Naandika tena: kijani. Mikono yangu hii imefufua bwawa. Najua na Shangazi alibeba, na Dobi alibeba kila alipotoka mtoni, lakini mikono hii ndiyo iliyobeba kwa madaha.

Mwenyekiti alipita akasimama tutani, ameridhika kama paka wa jikoni. "Mmeona? Tumeziba bomba la mtu, bwawa limepona. Ushahidi gani mwingine mnataka?" Mimi nilikuwa nataka kumwambia kwamba siku ile ile bomba lilipozibwa, nyumba zote ziliacha kumwaga. Nikamwambia, "Ni kweli, mzee."

Mei 8

Kijani. Chakula hakipiti vizuri. Bibi anasema, "Mume wangu, umependa?" Nikamwambia nimeshiba. Akasema wanaume wote husema hivyo.

Mei 11

Bwana Afya amekuja. Nilidhani ni jitu la miraba minne, kumbe ni kijana mwembamba mwenye miwani, anayechekea puani. Kijiji kizima kilikuwa tutani, kina mama wamevaa vizuri kama wanaposwa wao. Alichota maji kwenye chupa zake kupeleka maabara. Kisha Shangazi akamsimamishia chupa yetu juu ya gazeti. Akachungulia, akasoma tangazo la baiskeli mpaka bei.

"Majibu ya maabara yatakuja," akasema, "lakini kwa macho yangu, tayarisheni majembe."

Vigelegele. Mama Mapacha alimkumbatia Shangazi mpaka kilemba kikadondoka. Bwana Afya akauliza waliwezaje, maana alisikia bwawa lilikuwa limekufa. Shangazi akanisukuma mbele. Nilikuwa nimevaa shati la kola iliyosimama. "Huyu hapa," akasema, "huyu ndiye aliyebeba." Watu wakapiga makofi, na watoto wakaita Injinia, safari hii bila Chura. Ndoto yangu yote ilikuwa imesimama pale pale nilipoipanga. Na katika makofi yale, yaliyosikika kuliko yote yalikuwa ya Dobi. Mikono yake imekomaa kwa kufua, inalia kama mbao.

Mwenyekiti naye akataka neno. "Na ili balaa lile lisirudi, tumeonelea bomba la Dobi lizibwe kwa saruji, moja kwa moja. Injinia wetu atachanganya saruji hiyo leo leo."

Makofi yakapungua. Dobi alishusha mikono. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei.

Nikasema, "Siyo yeye."

Sauti ilitoka ndogo. Mwenyekiti akauliza nimesemaje.

"Siyo yeye. Ni mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikawaambia watu wamwage dawa ya madoa bombani. Nilidhani maji yatatufikia yakiwa safi."

"Nyumba gani?" akauliza Shangazi.

Nyuso za kina mama zilikuwa zinaniomba nisiseme. Ndipo Bibi akapenya katikati ya watu na fimbo yake. "Yangu. Alikuja akaniambia bomba langu ndilo linalonuka kuliko yote hapa kijijini. Mimi, bibi yake. Nikamwaga chupa nzima, na kesho yake tena."

"Lako?" akasema mke wa mwalimu mkuu. "Aliniambia ni langu."

"Aliniambia mimi ni langu," akasema Mama Mapacha, "nikawachapa watoto bure."

"Subiri. Hata wewe?"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naamka alfajiri kumwaga ili usinione."

"Kumbe zile soksi," akasema mwenye duka.

Ilizunguka tuta lote, langu, langu, na langu, mpaka ikamfikia Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameanza kukagua mawingu. Mkewe akamtazama. Akakohoa. "Kwangu nilimwaga kidogo tu," akasema. Hapo Bwana Afya alivua miwani akafuta machozi, na kina mama, waliokuwa wamekwisha kuvua viatu kwa ajili yangu, wakaanza kucheka, mmoja akiegemea mwingine. Nilipigwa, sitaficha, lakini nilipigwa na watu wanaocheka, na kofi la mtu anayecheka halina mwelekeo.

Shangazi hakucheka wala hakunipiga. Alichukua reki akanipa. "Nenda kalizibue."

Mei 12

Kijani. Bomba la Dobi limefunguka. Udongo wa mfinyanzi ukikauka ni kama jiwe, na nilikuwa nimeushindilia vizuri sana. Kina mama wamenihukumu: mpaka mavuno ya kwanza ya vitunguu, nizibue na kusafisha mitaro ya kila nyumba, kuanzia ile inayonuka kuliko zote, na wao ndio watakaoamua ni ipi. Wameanza kugombea. Mwenyekiti ametuma mashuka yake yote kwa Dobi, pamoja na mapazia yasiyo na uchafu.

Nililalamika kwa Shangazi kwamba mgongo unauma. Akasema, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Baadaye akaniletea dawa ya kuchua.

Mei 15

Kijani. Majibu ya maabara yamekuja, mazuri. Bondeni wameshaanza kupima matuta na kugombana mipaka. Nimepewa tuta moja mwishoni, karibu na mfereji. Nitapanda vitunguu vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuota duniani.

Mei 18

Mvua zimekwisha. Rangi: kijani. Harufu: ya wastani. Kesho Shangazi anachukua daftari hili alisome. Nimelipitia lote, ni zuri, nilijua nina mkono. Lakini kuna mahali niliruka, na nikiliacha hivyo atadhani bwawa ndilo habari ya msimu huu.

Aprili 24 niliandika kwamba mimi na Dobi tulizungumza, na kwamba si muhimu. Ilikuwa hivi. Shangazi alikuwa upande wa pili kwenye matete. Mzee aliweka ndoo chini, akavua kofia, mvua ikawa inampiga kipara. Akasema, "Injinia, pipa langu limekuharibia kazi. Shangazi yako nimeshamwomba radhi. Lakini nakuona unavyohangaika na bwawa hili, hulali, huli. Nimeona nikuombe na wewe."

Mtu wa umri wa babu yangu, kofia mkononi. Na mimi, niliyejua kila kitu, nilimshika bega. Nikamwambia, "Usijali, mzee. Nimekusamehe." Halafu nikaongeza, "Ila siku nyingine uwe mwangalifu." Naye akasema asante.

Pale tutani mbele ya watu nilisema yote, ila hilo sikulisema. Yeye pia hakulisema, ingawa lilikuwa lake na alikuwa na haki nalo. Labda alisubiri niliseme mimi, sijui. Leo jioni nimepita bandani kwake. Pipa liko juani, mashuka yamejaa kamba zote, anafanya kazi kama zamani. Shati langu alikuwa ameshalipiga pasi, kola imesimama.

"Shati lako hili, Chura," akasema. Hakucheka.

Bwawa lilikufa, likafufuka. Bomba liliziba, likazibuka. Vyote hivyo ni kazi ya ndoo na reki, naviweza. Kilichoharibika kweli msimu huu ni kimoja: mtu asiye na kosa aliniomba msamaha, nami nikampa.